Meli Iliyolala Chini ya Ziwa

Asubuhi, kabla upepo haujaamka, ziwa la Tanganyika mbele ya Baraka hutulia kama maji ndani ya bakuli. Upande wa mashariki yaonekana milima ya Ubwari, na kati ya Ubwari na pwani ya Baraka kuna Ghuba ya Burton. Wavuvi wanarudi na ndakala waliovuliwa usiku kwa taa. Karibu na nchi kavu maji ni meupe, na mtu aliye ndani ya mtumbwi huweza kuhesabu mawe yaliyo chini. Lakini akienda mbali, mawe yanapotea. Maji yanakuwa ya buluu nzito, kisha meusi, na jicho haliwezi tena kupita.

Je, chini huko kuna nini? Wengi watajibu upesi: samaki. Lakini chini kabisa hakuna samaki hata mmoja. Zaidi ya meta 200 hivi kutoka juu, maji ya Tanganyika hayana oksijeni, yaani ile hewa ambayo samaki huivuta kwa mashavu yake. Kuna matope, kuna miamba, kuna giza. Na mahali fulani katika giza hilo iko meli ya vita. Jina lake ni Hedwig von Wissmann, nayo ilizama tarehe 9 Februari 1916.

Wakati ule mataifa ya Ulaya yalikuwa yakipigana vita kuu ya kwanza. Congo ilikuwa chini ya Wabelgiji, na ng'ambo ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania na Burundi, walitawala Wajerumani. Hivyo vita vya wenyewe Wazungu vikaletwa hata katika ziwa hili, na watu wa pande zote mbili wakaingizwa ndani yake. Tarehe 15 Agosti 1914 askari wa Kijerumani walishambulia pwani ya Congo upande wa Uvira, wakavunja mitumbwi ya wenyeji na kukata waya wa simu. Siku saba baadaye Hedwig von Wissmann ikaipiga kwa mizinga meli ya Wabelgiji iliyoitwa Alexandre Delcommune, ikaiharibu hata isifae tena kusafiri. Tangu siku hiyo Wajerumani wakawa ndio wenye ziwa.

Waingereza waliposikia, walileta mashua mbili za mota, Mimi na Toutou. Kila moja ilikuwa na urefu wa meta 12 hivi. Zilitoka Uingereza kwa meli mpaka Cape Town, zikapakiwa katika gari la moshi mpaka Fungurume huko Katanga, kisha zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mitambo ya mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya watu. Njia ilikuwa haipo. Wafanyakazi wa Kiafrika ndio walioikata, wakajenga madaraja kwa miti ya porini. Baada ya milima zilishuka kwa mto Lualaba, zikapanda tena gari la moshi, mwisho zikafika Lukuga. Mahali hapo leo ni mji wa Kalemie, mwendo wa kilometa 200 hivi kusini ya Baraka.

Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, nayo ikapewa jina jipya, Fifi. Wajerumani waliobaki hawakujua Kingani imepatwa na nini. Kwa hiyo siku ile ya Februari Hedwig ilipokuja karibu na Lukuga, haikutazamia kukutana na adui mwenye nguvu. Nahodha wake, Odebrecht, alipoona meli zinamjia, aligeuka akakimbia. Mimi, iliyokuwa na mbio zaidi, ikamfuata na kumpiga kwa mzinga mdogo kutoka nyuma. Mizinga ya nyuma ya Hedwig haikuweza kuifikia Mimi, basi ikambidi ageuze meli yake ili apate kupiga. Kila alipogeuka alipoteza muda, na Fifi, yenye mzinga mkubwa lakini mwendo mdogo, ikazidi kukaribia.

Fifi ilipiga na kukosa, ikapiga na kukosa, mpaka risasi za mzinga zikabaki tatu tu. Ndipo mzinga ukakwama! Dakika 20 zilipita kabla haujafunguliwa. Kisha risasi moja ikaingia ubavuni mwa Hedwig, na nyingine ikapasua chombo kikubwa cha kuchemshia maji ya mvuke. Mabaharia watano Waafrika na Wajerumani wawili walikufa. Moto ukawaka, nahodha akaamuru watu waiache meli, nayo ikaenda chini.

Zaidi ya miaka 100 imepita. Mtu akitaka leo kuitafuta meli hiyo, afanyeje?

Kupiga mbizi hakufai. Mpiga mbizi aliyevaa chupa ya hewa mgongoni hushuka makumi machache ya meta, naye arudi pole pole, asije akaumia. Tanganyika, mahali pake penye kina kikubwa, lina meta 1,470. Taa nayo haisaidii sana, maana maji huunyonya mwanga. Hata taa yenye nguvu sana huonyesha eneo dogo tu lililo mbele yake, mfano wa mtu atafutaye sindano katika uwanja wa mpira usiku kwa kijiti cha kiberiti.

Lakini kiko kitu kipitacho katika maji vizuri kuliko mwanga, nacho ni sauti. Watoto wanaoogelea wanajua jambo hili. Mmoja akigonganisha mawe mawili chini ya maji, mwenzake aliye mbali, kama amezamisha masikio yake, husikia mgongano huo kana kwamba uko karibu naye.

Tena, sauti hurudi. Mchunga mbuzi katika milima ya Itombwe akipiga ukelele kuelekea jabali lililo ng'ambo ya bonde, baada ya kitambo kidogo ukelele wake humrudia. Huo ndio mwangwi. Katika hewa sauti huenda meta 340 hivi kwa sekunde moja. Ikiwa mwangwi umerudi baada ya sekunde 2, sauti imetumia sekunde moja kwenda na sekunde moja kurudi. Basi jabali liko umbali wa meta 340. Mchungaji amepima bonde bila kulivuka. Popo naye hufanya hivyo hivyo gizani: hutoa sauti nyembamba tusiyoweza kuisikia, akasikiliza mwangwi, na kwa hiyo hagongi ukuta.

Katika maji sauti ina mbio zaidi, kadiri ya meta 1,500 kwa sekunde. Chombo kinachotumia mwangwi wa majini kinaitwa sonari. Hutoa mlio mfupi, kikanyamaza, kikasikiliza. Mlio ukirudi baada ya sekunde 1, wanafunzi wanaweza kufanya hesabu wenyewe: nusu sekunde kwenda, nusu sekunde kurudi, basi chini ni meta 750. Mahali penye kina cha mwisho cha Tanganyika mwangwi hurudi baada ya sekunde 2 hivi. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa kamba na jiwe zito, na kushusha kamba ya meta 1,000 na kuipandisha tena ni kazi ya muda mrefu, kwa kipimo kimoja tu.

Chombo hiki hakikubuniwa na mtu mmoja. Mwaka 1912 meli kubwa Titanic iligonga mlima wa barafu baharini, wakafa watu zaidi ya 1,500. Wataalamu wakajiuliza kama haiwezekani kuisikia barafu kabla ya kuigonga, na mwaka 1914 Reginald Fessenden alifaulu kupata mwangwi wa barafu. Kisha vita vikaja, pamoja na meli zinazokwenda chini ya maji na kuzamisha nyingine. Mfaransa mmoja, Paul Langevin, alitumia jiwe liitwalo kwatzi, ambalo hutetemeka likipitishwa umeme, na mtetemeko huo hutoa mlio mkali majini. Kufika mwaka 1918 aliweza kupata mwangwi wa meli iliyojificha chini ya maji. Hivyo chombo kilichozaliwa kwa ajili ya kuwinda meli ndicho kilichokuja kuzitafuta zilizokwisha zama.

Ziwa la Tanganyika lilijaribiwa mapema. Katika miaka ya 1946 na 1947 wataalamu wa Kibelgiji walilizunguka na chombo cha kupimia kwa mwangwi, wakachora ramani ya chini yake. Ndipo watu wakaona kwamba chini si sawa kama sakafu. Kuna mabonde, na kando zake ni kali kama kuta, kwa sababu ziwa lote limekaa ndani ya Bonde la Ufa.

Lakini ramani ya vilima haitoshi kumwonyesha mtu meli ya meta 20, na Hedwig ilikuwa na urefu wa kadiri hiyo tu. Kwa kazi hii hutumika sonari ya namna nyingine. Imewekwa ndani ya kitu cha chuma chenye umbo la samaki, nacho hukokotwa na meli kwa waya mrefu, karibu na chini. Huyu samaki wa chuma halii kuelekea chini tu, bali hulia kwa pande mbili, kuume na kushoto. Chuma na mwamba hurudisha mwangwi wa nguvu, matope hurudisha mwangwi dhaifu. Mashine hugeuza mwangwi wenye nguvu kuwa alama nyeupe na ule dhaifu kuwa alama nyeusi, mstari baada ya mstari, mpaka picha ikatokea.

Jambo la kupendeza kuliko yote ni kivuli. Mlio ukipiga ubavu wa meli, hauwezi kufika nyuma yake. Kwa hiyo nyuma ya meli picha inabaki nyeusi. Kama vile jua la jioni linavyotupa kivuli kirefu cha mwembe, ndivyo sauti inavyotupa kivuli cha meli juu ya matope. Mtaalamu hupima kivuli hicho akajua meli imesimama kimo gani. Mara nyingi kivuli humwambia mengi kuliko meli yenyewe: mwamba una kivuli cha hovyo hovyo, lakini mlingoti na bomba la moshi hutoa vivuli vilivyonyooka, na vitu vilivyonyooka ni kazi ya mikono ya watu.

Basi, je, si rahisi? Peleka samaki wa chuma majini, ukokote, utaiona meli. Tufanye hesabu kwanza. Tanganyika lina eneo la kilometa za mraba 32,900 hivi. Samaki wa chuma akokotwaye kwa kina hawezi kwenda mbio. Tuseme aenda kilometa 5 kwa saa, kama mtu atembeaye kwa miguu. Tuseme tena aona upana wa kilometa 1. Kwa saa moja atakuwa amekagua kilometa za mraba 5. Akifanya kazi mchana na usiku bila kupumzika, kwa siku nzima atakagua 120. Kulimaliza ziwa lote atahitaji siku 274, yaani miezi 9, bila dhoruba, bila waya kukatika, bila mafuta kwisha. Tena meli inayomkokota yapaswa kwenda na kurudi kwa mistari iliyo sawa, kama mkulima apigaye matuta. Akiacha nafasi kati ya tuta na tuta, pengine meli imelala hapo hapo.

Lakini kama mtu anajua kwamba meli imezama ndani ya mraba wenye upande wa kilometa 20, hesabu inabadilika. Huo ni kilometa za mraba 400, na kazi yenyewe ni ya siku 4 hata isitimie. Ndiyo sababu mtafutaji mwenye akili hakimbilii majini. Huanza kwa karatasi: barua, taarifa za manahodha, maneno ya waliookoka. Huuliza meli ilionekana mara ya mwisho wapi, saa ngapi, ilielekea wapi, upepo ulivumaje.

Mfano mzuri unatoka Australia. Tarehe 19 Novemba 1941, katika vita kuu ya pili, manowari ya Australia iliyoitwa Sydney ilikutana na meli ya Kijerumani Kormoran, iliyojifanya kuwa meli ya biashara. Zilipigana zikazama zote mbili. Katika Sydney walikuwamo watu 645, wala hakuokoka hata mmoja. Wa Kormoran waliokoka zaidi ya 300. Jamaa za mabaharia wa Sydney walikaa miaka zaidi ya 60 bila kujua wapendwa wao wamelala wapi. Wajerumani walitaja mahali vita vilipokuwa, lakini watu wengi walisema, hao ni adui, wanadanganya.

Nahodha wa Kormoran, Detmers, alipokuwa kifungoni, alikuwa na kamusi ya Kijerumani na Kiingereza. Ndani ya kamusi hiyo alitia nukta ndogo za penseli chini ya herufi mbalimbali. Mtu akizifuata herufi zenye nukta, anasoma habari ya mapigano. Nani angejisumbua hivyo ili kuwadanganya wasomaji asiowajua? David Mearns, mtafutaji wa meli zilizozama, aliyachunguza maneno ya nahodha na ya mabaharia wake, akaamini kwamba walisema kweli. Mwezi wa Machi 2008 alikwenda na sonari. Kwanza akaiona Kormoran, na baada ya siku chache Sydney, kilometa 22 hivi kutoka hapo, katika kina cha meta 2,468. Sonari ilitoa picha ya doa jeupe na kivuli. Kisha chombo chenye taa na kamera kikashushwa, maana sonari haisomi jina la meli. Na kamera ikaonyesha mizinga, ubavu uliotobolewa, na viatu juu ya mchanga. Viatu hivyo havikuchukuliwa. Vipande vyote viliachwa pale pale, kwa kuwa mahali hapo ni kaburi.

Kwa Hedwig mambo mengine ni magumu na mengine ni mepesi. Mito inamimina matope ziwani kila masika, na kando za ziwa zinaporomoka, kwa hiyo huenda meli imefunikwa kidogo. Katika kando kali miamba ni mingi, na kila mwamba una kivuli chake cha kumdanganya mtafutaji. Tena maji ya juu yana joto kuliko ya chini, na sauti hupinda kidogo ipitapo kutoka maji moto kwenda maji baridi. Asiyepima joto atakosea mahali. Lakini yale maji yasiyo na oksijeni yana faida yake. Katika Bahari Nyeusi, ambako vilindi navyo havina oksijeni, wataalamu walitangaza mwaka 2018 kwamba wamepata meli ya mbao yenye umri wa miaka 2,400, katika kina cha zaidi ya meta 2,000. Mlingoti wake ulikuwa ungali umesimama! Wadudu walao mbao hawawezi kuishi mahali hapo.

Si kila meli ya vita vile iliyozama ilibaki chini. Ilikuwako nyingine kubwa zaidi, Graf von Götzen, yenye urefu wa meta 71. Wajerumani walipoona kwamba watanyang'anywa Kigoma, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe tarehe 26 Julai 1916, karibu na mlango wa mto Malagarasi. Kabla ya hapo walipaka mafuta mazito mashine zake zote zisile kutu, wakitumaini kurudi. Hawakurudi. Lakini maji pale yalikuwa na kina cha meta 20 tu, na mahali palijulikana. Hapakuhitajiwa sonari wala hesabu ya miraba. Wabelgiji waliiinua, dhoruba ikaizamisha tena, na mwaka 1924 Waingereza wakaiinua mara ya mwisho. Mwaka 1927 ilianza safari kwa jina la Liemba. Wazee wengi wa Uvira, Baraka na Fizi wanalijua jina hilo: mwaka 1997 Liemba ilivuka ziwa mara nyingi kutoka Kigoma mpaka Uvira, ikawarudisha Congo wakimbizi zaidi ya 75,000. Meli iliyojengwa kwa vita ikawa inarudisha watu makwao.

Hedwig haikupata bahati hiyo. Mwaka 2016 ilitimiza miaka 100 chini ya maji. Kuna mkataba wa mataifa wa mwaka 2001 unaosema kwamba mabaki ya namna hii, yakipita miaka 100, yahesabiwe kuwa urithi wa watu wote, na kwamba ni afadhali kuyachunguza yakiwa mahali pake kuliko kuyapandisha na kuyauza vipande vipande. Mtu atakayeiona siku moja katika picha ya sonari ataona doa jembamba la meta 20. Atapima kivuli. Atashusha kamera, atafute tundu ubavuni, na mahali pa mashine palipopasuka. Hizo ndizo alama zake.

Vitabu vingi vinamtaja nahodha Odebrecht kwa jina, naye alitekwa akiwa hai. Wale mabaharia watano Waafrika vinawataja kwa hesabu tu. Walifanya kazi juu ya meli hiyo mpaka risasi ile ilipopasua chombo cha mvuke, na katika maji yaliyo juu yake wavuvi wa pande zote mbili za ziwa wanaendelea kuwasha taa zao usiku.